Anwani ya Chama cha Machela

Nusu ya watu wa Bwera wenye anwani ya barua pepe niliwafungulia mimi, Hajara, katika kibanda changu cha kuchapa na kutoa kopi kwenye barabara ya kwenda Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo. Wakonzo wa mlimani waliniita Hajati, ingawa Makka sijaiona hata kwa ndoto. Nilipenda kuitwa hivyo. Nilipenda pia kutoa mawaidha, na mawaidha yangu juu ya anwani yalikuwa marefu.

Vijana wa kupitisha mizigo forodhani walikuja wakitaka majina ya kujitapa: mara Bosi, mara Mtoto wa Raha. Niliwatukana. "Siku unaomba kazi utajiita Mtoto wa Raha? Na baba mkwe akisoma?" Wengine walitumia anwani za kampuni zao, kampuni ikifungwa, barua za miaka mitano zinakwenda nayo na wao wanakuja kulia kwangu. Niliwaambia wote: chagua anwani ya mtu utakayekuwa ukiwa na mvi, si ya mtu uliye leo. Walilipa, wakacheka, wakaondoka.

Mwaka 2015 walikuja watu sita kutoka Kyarumba, wameongozwa na mzee Kosiya, mwenyekiti wa chama chao cha machela. Kule juu njia ni za miguu tu, tena zimesimama kama ukuta. Mgonjwa hubebwa kwa machela mpaka barabarani. Kila nyumba ni mwanachama, kila mwanachama hutoa bega. Wanne hubeba, wengine hufuata nyuma, na kila baada ya kona kadhaa hupokezana bila kuambiwa. Asiyebeba, siku yake hatabebwa. Shirika moja lilikuwa limeahidi kuwapa machela mpya za chuma, nalo lilitaka barua pepe.

"Kila mtu afungue yake," nikawaambia. "Ya chama peke yake haitoshi."

"Hajati," Kosiya akasema, "mutu moja iko nabeba mugonjwa peke yake?"

Nikajaribu hata hivyo, nikaanza na mama mmoja aliyekuwa karibu na meza, Feresita, muuza maharage. Jina lake la kwao ni Masika. Kompyuta ikakataa. Huko mlimani kila binti wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira, na wenzake walikuwa wamekwisha kulichukua jina. Nikataka kuongeza tarakimu, yeye akanishika mkono.

"Acha tu. Mimi nikikufa, nani itafungua ya mimi? Baba yangu alikufa, machela iko. Babu alikufa, machela iko. Weka ya chama. Ile haikufi."

Miaka yote ya mawaidha yangu, hakuna aliyewahi kunijibu kwa akili namna hiyo. Nikaandika jina la machela na jina la Kyarumba, pamoja, bila nafasi, na kompyuta ikakubali mara moja. Nywila wakaichagua wao, Kosiya akaiandika ndani ya jalada la kitabu chake cha nyimbo za kanisani. Kisha kompyuta ikauliza namba ya simu, ya kutumia siku mlango ukigoma. Kwao mtandao ulipatikana kwa kupanda jiwe moja na kuinua mkono, na simu ilikuwa moja kwa nyumba tatu. Nikaweka namba yangu mimi.

Namba yangu ilikuwa kwa jina la mume wangu, Zubairi. Ndiye aliyeninunulia laini, ndiye aliyeisajili. Sikuona ubaya. Mume ni mume.

Zubairi alikuwa akipeleka chumvi na sabuni Butembo, huko Kongo, na mwaka 2016 alipeleka akabaki. Alipata mke wa pili kule, na duka, na sababu za kutorudi. Mwaka uliofuata serikali ikaamuru kila laini ithibitishwe kwa kitambulisho cha mwenyewe. Nikampigia Zubairi aje siku moja tu. Akasema atakuja. Laini ikazimwa.

Niliwaambia watu kwamba simu yangu ilidumbukia chooni. Afadhali choo kuliko Zubairi. Katika Bwera mwanamke aliyeachwa anauliziwa bei ya kopi kwa sauti nyingine, nami niliijua sauti hiyo kabla ya kuisikia.

Wiki ile ile nilinunua laini mpya kwa jina langu, nikaingia kwenye anwani yangu mwenyewe, nikabadilisha namba. Kazi ya dakika tano. Ya machela ilitaka dakika tano hizo hizo, lakini ilitaka nywila pia. Ningemwomba Kosiya, naye angeuliza: kwani namba ile ya zamani imekwenda wapi? Na mumeo yuko wapi, mbona hatumwoni Bwera? Nikasema nitafanya baadaye. Kompyuta yangu ilikuwa inaikumbuka anwani ile, ilifunguka bila kuuliza neno, kwa hiyo kila siku ilikuwa ni baadaye.

Februari 2018 Feresita aliingia kibandani na binti yake. Gorret alikuwa na miaka tisa na uzito wa mtoto wa miaka sita. Midomo yake ilikuwa ya buluu, na kutoka kwenye pikipiki mpaka kiti changu alipumzika mara mbili. Madaktari wa moyo walikuwa wamepita Bwera kupima watoto. Walimwambia Feresita kwamba moyo wa mtoto una tundu, kwamba tundu hilo linashoneka, kwamba wenzao kutoka ng'ambo huja Kampala mara moja kwa mwaka, na asiposhonwa hatafika utu uzima. Wakampa fomu.

"Nesi alisema hapana taka namba ya simu," Feresita akaniambia. "Alisema, simu za watu ya huku iko nabadilika kila mwezi. Anataka anwani ya kukaa. Mi nikamwambia, iko. Tunayo, iko na miaka tatu."

Alisema hivyo kwa fahari. Nikachukua kalamu nikaandika anwani ya machela kwenye fomu ya mtoto yule, herufi moja moja, kwa mwandiko wangu mzuri. Ningependa kusema mkono wangu ulitetemeka. Haukutetemeka.

Machi barua ikaja: Gorret ameingia kwenye orodha, msije mpaka muitwe, mtapewa tarehe kati ya Agosti na Oktoba. Nikaichapa maneno yenyewe tu. Kichwa cha juu, penye anwani ya waliotuma, nilikikata ili kuokoa wino. Ndivyo nilivyowafanyia wote. Feresita aliikunja akaiweka kifuani.

Tangu hapo kila siku ya soko alishuka na maharage kwenda Mpondwe, na kabla ya kufika sokoni alisimama mlangoni kwangu na mzigo kichwani.

"Barua iko?"

"Bado, mama Gorret."

"Sawa. Tutaona."

Mwanzoni mwa Agosti umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na kompyuta yangu ikatoa moshi. Niliibeba mpaka Kasese kwa fundi Nobert. Aliifungua, akainusa, akasema, "Hii imekufa. Hata roho yake imeungua." Nilikaa wiki tatu nikitafuta nyingine ya mtumba. Siku sita za soko Feresita alisimama mlangoni, nami siku zote sita nilimwambia ni netiweki. Alikuwa anaona meza haina kompyuta. Aliona, na akaamini neno langu kuliko macho yake.

Kompyuta mpya ilipokuja nilimwomba Kosiya nywila. Akaleta kitabu cha nyimbo, tukaandika. Kompyuta ikasema haitujui. Ikasema imetuma tarakimu sita kwenye namba ya simu inayoishia na sifuri tisa, tuziandike ndipo ifungue. Kosiya akanitazama.

"Si ni namba yako hii?"

"Ilikuwa," nikasema. "Ilidumbukia chooni."

Nikaipigia namba yangu ya zamani. Ikaita. Moyo ukanipasuka kwa furaha na hofu pamoja. Akapokea mwanamume, Muzamiru, muuza magodoro wa Mbale. Kampuni ilikuwa imempa namba ile miezi mitano nyuma.

"Nyabo, mimi sikujui," akasema. Kwa Kiganda nyabo ni bibi, na bwana ni ssebo.

"Ndiyo, ssebo, hunijui. Kuna tarakimu sita zimeingia kwenye simu yako sasa hivi. Nisomee tu. Ni barua ya mtoto mgonjwa."

Akacheka kicheko kibaya. "Mwezi wa tano mtu alinipigia hivyo hivyo. Naye alikuwa na mgonjwa. Nikamsomea tarakimu, akanimalizia pesa yote ya simu. Redio inasema kila siku, anayekuomba tarakimu ni mwizi. Wewe ni mwizi wangu wa pili."

Nilimtukana. Nasema kweli, hasira zangu hazijui kungoja. Nikamwita mkavu wa moyo, nikamwita jina la mnyama, akakata.

Nilikaa siku mbili na aibu hiyo, kisha nikapiga tena, safari hii kwa sauti ya chini. Nikamweleza kila kitu: mtoto, tundu, madaktari wa ng'ambo. Hata Zubairi nilimweleza. Mtu wa kwanza duniani kusikia kwamba nimeachwa alikuwa muuza magodoro wa Mbale.

"Na mimi nina binti," akasema. "Sikiliza, nyabo. Mpe mama wa mtoto namba hii. Anipigie mwenyewe. Mama hawezi kuiga. Nikimsikia nitajua, na nitamsomea."

Ilikuwa Ijumaa. Feresita hakuwa ameshuka, Gorret alilala vibaya wiki ile. Nikamwona Kosiya barabarani, nikamwandikia namba kwenye karatasi. "Mzee, mpe Feresita. Apige yeye mwenyewe. Si mwingine."

"Nasikia," Kosiya akasema.

Jumapili, baada ya ibada, Kosiya aliwaambia watu wa chama. Simlaumu, ndiyo kazi yake. Aliwaambia kuna mutu Mbale amefunga njia ya mtoto, na mama yake amechoka, hajalala siku tatu. Wakafanya walichofanya maisha yao yote. Walipanda kwenye lile jiwe la mtandao, wakamwacha Feresita apumzike kwanza, na wakaanza kupokezana. Kosiya alipiga. Alipomaliza, Danieri naye akapiga. Kisha Medius, kisha mkewe. Kila mmoja na simu yake au ya jirani, kila mmoja na Kiswahili chake, kila mmoja akiomba tarakimu sita. Waliokuwa hawana salio waliazima. Walipoona sauti moja imechoka, nyingine ilitoa bega.

Feresita alipofika kwenye jiwe jioni, zamu yake ikawadia, simu ya Muzamiru ilikuwa haipatikani.

Kabla ya kuizima alinitumia ujumbe mmoja. "Nyabo, nimehesabu watu kumi na wanne. Uliniambia mama mmoja. Nyinyi ni genge. Laini hii naivunja, na Mungu atawaona."

Asubuhi Kosiya alikuja kibandani amevua kofia. Nikampigia kelele mpaka watu wa mtaa wakatoka. "Nilisema mmoja! Nilisema yeye peke yake!"

"Hajati," akasema, "sisi hatujui kubeba hivyo."

Hakuna kilichobaki ila kwenda Kampala. Namba ya hospitali kuu iliita bila kupokelewa, na anwani yao nilikuwa nimeikata kwa mkasi wa ubahili wangu. Chama kilichanga nauli kwa wiki mbili. Tukapanda basi pale Kasese, mimi, Feresita na Gorret, ambaye alikaa dirishani akihesabu malori mpaka akalala.

Karani wa orodha alikuwa mwanamke mpole, na upole wake ndio ulionimaliza. Alitugeuzia kioo cha kompyuta yake. Barua tatu. Ya kwanza ya tarehe ishirini Agosti: mleteni Gorret tarehe kumi na saba Septemba, jibuni kabla ya tarehe kumi na mbili. Ya pili: hatujapata jibu lenu. Ya tatu: kwa kuwa hamkujibu, nafasi amepewa mtoto mwingine. Jumapili ile walipopiga simu, zilikuwa zimebaki siku tatu za kujibu. Madaktari walikuwa wamepanda ndege siku mbili kabla ya sisi kufika.

"Ni mwaka ujao, mama," karani akasema. "Tutamweka juu kabisa. Nipeni anwani nyingine, ya kudumu."

Hapo nikasema. Sikuchagua mahali, ulimi ulijisemea. "Mama Gorret, simu yangu haikudumbukia chooni. Laini ilikuwa ya Zubairi, ilikatwa mwaka jana. Zubairi ameniacha. Nilijua anwani yenu inaning'inia juu ya namba iliyokufa. Yangu niliibadilisha. Yenu sikuibadilisha, kwa sababu ya aibu."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nimelisema neno hilo juu ya watu wengi.

Feresita alinitazama. Gorret alikuwa amelala mapajani mwake, na mkono wake haukuacha kumpapasa mgongo. Nilingoja anitukane, nilitamani sana anitukane.

"Andika ya huyu," akamwambia karani, akininyooshea kidole. "Ya kwake mwenyewe. Sasa ataogopa kuipoteza."

Gorret alikufa Januari. Alibanwa na pumzi asubuhi, wakamweka kwenye machela ya chuma, ile ya shirika, na watu walikuwa wengi kuliko waliohitajika, kwa kuwa mzigo wenyewe haukuwa kitu. Alikufa kabla hawajaiona barabara. Nilipanda kwa miguu kwenda kuzika, mara ya kwanza katika maisha yangu kuipanda njia ile, nikapumzika mara nyingi kuliko Gorret siku ile ya pikipiki. Hakuna aliyenifukuza. Hakuna aliyenipa kiti pia. Kosiya alisema mbele ya watu kwamba kosa ni la chama, kwamba walipiga simu wengi, na watu wakaitikia kwa vichwa. Nilikuwa nimesimama pale pale. Sikuwasahihisha, na jambo hilo ninalichukia kuliko yote niliyofanya.

Baada ya hapo Feresita aliendelea kushuka siku za soko. Alipita mbele ya kibanda changu na mzigo kichwani bila kugeuka. Mimi nilifungua anwani yangu asubuhi, mchana na jioni, ingawa hakukuwa na la kungojea. Karani hakuwa na namna ya kujua kwamba mtoto amekufa.

Barua ilikuja Julai 2019, siku ya soko, saa tatu asubuhi. Gorret yuko juu ya orodha. Aletwe tarehe tisa Septemba, aje na watu wawili wa kumtolea damu, mjibu ndani ya siku kumi.

Ningeweza kuifuta. Nani angejua? Niliichapa yote, kichwa na miguu, nikatoka barabarani, na Feresita alikuwa anapita.

"Mama Gorret," nikamwita.

Akasimama. Ilikuwa miezi sita hajasimama pale. Nikamwonyesha karatasi, sikuweza kusema ni nini. Akaijua. Aliingia, akashusha gunia la maharage, akakaa kwenye benchi.

"Soma."

Nikasoma mpaka mwisho.

"Ya mwaka jana," akauliza, "ilikuwa na maneno hii hii?"

"Hayo hayo."

Nje mtu wa pikipiki aliita abiria wa Mpondwe, akapata, akaondoka.

"Nisamehe," nikasema. Nilikuwa sijalisema neno hilo hata siku moja, si Kampala, si makaburini.

Alinisogelea mpaka mezani, akatazama kioo kama anayetazama ndani ya kisima.

"Jibu sasa hivi," akasema. "Usingoje siku kumi. Waambie Gorret hayuko, wampe nafasi mwingine. Kuna mama iko naulizia barua pahali."

Nikaandika. Nilikosea herufi mara nyingi, mimi niliyechapia Bwera nzima. Alisimama nyuma yangu mpaka nilipobonyeza.

"Imefika?"

"Imefika."

"Una hakika?"

Nikamwonyesha mahali palipoandikwa kwamba imetumwa, nikaweka kidole chini ya neno lenyewe. Alilitazama, yeye asiyejua kusoma, mpaka akaridhika. Kisha akajitwika gunia na kwenda sokoni.